Donda la Mfupa na Swali la Lawama

Katika majina ya maradhi yaliyomo katika lugha yetu, hapana jina linalonitia fikirani kama donda ndugu. Waganga wa hospitali aghalabu hulitumia kwa nyama inayokufa na kuoza. Watu wa kawaida hulitumia kwa kidonda chochote kikubwa kinachokataa kupona. Kwa nini kiitwe ndugu? Jina hilo lakubali fasiri mbili. Ya kwanza ni kuwa kidonda hicho kimekwisha kuwa mtu wa nyumbani: kinakula na mgonjwa, kinalala naye, wala hakifukuziki, kama ndugu asivyofukuzika. Ya pili ni kuwa hakiuguziki na mtu mmoja. Huwaita ndugu, kikawakusanya, kikawagharimu, na mara nyingine kikawagombanisha. Fasiri zote mbili nimeziona kwa macho yangu katika mguu mmoja, na insha hii yatoka katika mguu huo.

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: mtu aliyevunjika mfupa, akachelewa kufika penye tiba, mfupa ukaingia usaha, je, ana lawama? Na kama anayo, lawama hiyo ina kazi gani katika kumponya? Msomaji aweza kusema kwamba jambo hili ni la waganga, si la watu wa vitabu. Ni kweli kwamba usaha ni wa waganga. Lakini lawama ni yetu sote, nasi tumeipa methali mbili zinazojulikana na kila mtoto wa shule: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mficha maradhi kifo humuumbua. Nimezifundisha methali hizo kwa miaka mingi pasipo kuziuliza zinamwambia nini mtu ambaye guu lake limekwisha vunjika.

Mguu wenyewe ni wa mtoto wa baba yangu mkubwa, ambaye kwa desturi ya kwetu ni kaka yangu pasipo maelezo zaidi. Kwetu ni Ruanda, katika wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Nchi ya Umatengo ni nchi ya milima, na upande wa magharibi huteremka hadi Ziwa Nyasa. Watu wake hulima miteremko mikali kwa ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa kama vyumba vya sega la nyuki: majani hukatwa, yakalazwa kwa mistari inayokatana, yakafunikwa kwa udongo, yakaoza chini yake na kuwa chakula cha mahindi na maharage, na lile shimo la katikati hushika maji ya mvua yasishuke bondeni na rutuba. Kazi hiyo hufanywa mtu amesimama kwa upande, mguu mmoja juu na mmoja chini, saa baada ya saa. Nayataja haya mapema kwa sababu thamani ya mguu haiwi sawa kila mahali. Mimi nafundisha nimesimama mbele ya ubao, na ningeweza kufundisha nimekaa.

Agosti ya mwaka 2017, katika majira ya kahawa, kaka yangu alikuwa amepanda nyuma ya pikipiki pamoja na gunia lake. Katika kona yenye changarawe pikipiki ikateleza. Mfupa wa muundi ukakatika, ncha yake ikatoboa ngozi ikaonekana nje, imeshika vumbi.

Kabla sijaendelea na kisa, yafaa ielezwe tofauti moja ambayo lugha yetu haijaipa jina la kutosha. Mfupa uliovunjika chini ya ngozi nzima, na mfupa uliovunjika ukatokeza nje, ni misiba miwili mbalimbali, ingawa yote twaiita kuvunjika. Wa kwanza umefungiwa katika nyumba yake. Ukinyoshwa na kutulizwa, maumbile yenyewe huuunga. Wa pili umefunguliwa mlango, na wanaoingia kwa mlango huo hawaonekani kwa macho. Kwa karne nyingi huo wa pili ulikuwa hukumu ya kukatwa mguu au ya kufa. Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, aliyekuwa amekata miguu ya askari wengi vitani, alivunjika mguu wake mwenyewe mwaka 1561 kwa teke la farasi, na jeraha likawa wazi. Hakukatwa, akapona. Sipati kulisoma jambo hilo nisijiulize alilala akiwaza nini juu ya wale aliowakata. Tarehe 12 Agosti, mwaka 1865, mjini Glasgow, mtoto wa miaka 11 aitwaye James Greenlees, aliyekanyagwa na gurudumu la mkokoteni, alipelekwa kwa Joseph Lister muundi umevunjika na jeraha liko wazi. Lister akalifunika jeraha kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboli, na baada ya wiki sita mifupa ikawa imeungana pasipo jeraha kuoza. Siku ile ndiyo aghalabu huhesabiwa kuwa mwanzo wa upasuaji tuujuao leo, na ilikuwa ni siku ya muundi wa mtoto maskini.

Tangu hapo elimu imekwenda mbele sana, lakini shina lake ni lile lile. Mfupa ukitokeza nje, mgonjwa hupewa dawa ya kuua vijidudu mapema iwezekanavyo, kwa saa si kwa siku, pamoja na kinga ya pepopunda. Jeraha huoshwa kwa maji mengi safi. Nyama iliyokufa hukatwa ikatolewa. Mfupa hutulizwa usichezecheze. Na hapa pana jambo ambalo macho ya mtu asiyejua hulipinga: jeraha chafu halishonwi papo hapo. Huachwa wazi, likatazamwa tena, likaoshwa tena, na kufunikwa siku chache baadaye litakapokuwa safi. Kwa macho ya ndugu wanaongoja nje ya mlango, jeraha lililoshonwa ni kazi iliyokwisha, na jeraha lililoachwa wazi ni uzembe. Kumbe mara nyingi ni kinyume chake.

Likifungwa uchafu ukiwa ndani, hutokea yafuatayo. Vijidudu hukaa juu ya kipande cha mfupa kilichokosa damu. Kipande hicho kimekufa, na kwa kuwa kimekufa hakifikiwi na kitu chochote kinachosafiri katika damu: wala askari wa mwili, wala penisilini, wala dawa yoyote iliyozuliwa baada yake. Juu yake vijidudu hujifanyia utando wa ute, kama kuvu wa mawe ya mtoni, wakakaa chini yake kwa salama. Mwili nao haukubali kushindwa. Hujenga mfupa mpya kuuzunguka ule uliokufa, hata maiti ikawa imezikwa ndani ya aliye hai. Usaha hutafuta njia, ukatoboa ngozi na kutoka kwa tundu. Tundu likifunga, watu hushukuru. Kisha homa hurudi, mguu huvimba, tundu hufunguka tena. Hali hiyo yaweza kulala miezi, miaka, hata miongo, na kuamka mtu akiwa mzee. Liko hata tundu lililokaa miaka mingi likageuka saratani.

Basi mganga wa maradhi haya hana budi kutenda jambo lililo gumu kulifahamu: ili aponye, huongeza kidonda. Hufungua palipojifunga, akautafuta mfupa uliokufa, akauchonga na kuutoa mpaka aone katika mfupa uliobaki vitone vidogo vya damu, maana damu ndiyo alama ya uhai. Huchukua kipande kutoka ndani kabisa kikapimwe, kwa sababu usaha wa juu ya ngozi husema uongo juu ya kijidudu kilichoko chini. Kisha hujaza pengo, akautuliza mfupa, akaufunika kwa nyama yenye damu, na kutoa dawa kwa muda mrefu, ambao kwa desturi ni kama wiki sita. Dawa peke yake, pasipo kuutoa mfupa uliokufa, hutuliza homa kwa muda tu. Nimekutana na wasomi wenye shahada wasiolijua hilo, nami nilikuwa mmoja wao.

Narudi kwa kaka yangu. Habari niliyoipata mimi, nikiwa mbali katika chuo changu, ilikuwa fupi: amevunjika, yuko kwa fundi wa kuunga mifupa. Nilikasirika. Nilipiga simu nikasema maneno ambayo mdogo hapaswi kumwambia mkubwa wake. Nilimwambia kwamba mkoa wetu haukosi hospitali. Kwamba hospitali ya misheni iko Litembo, iko Liuli ufukoni mwa ziwa, iko Peramiho ambako Wabenediktini walifika tangu mwaka 1898. Kwamba mtu mwenye akili hampelekei fundi wa kijiji mfupa uliotokeza nje. Alinisikiliza. Akasema, "Ndiyo, mwalimu." Mkubwa akimwita mdogo wake mwalimu, huwa amemaliza mazungumzo.

Juu ya fundi huyo nataka niseme kwa haki, kwa sababu kwa miaka miwili sikumtendea haki katika moyo wangu. Mzee yule ameunga mifupa tangu ujana wake, naye aliifunzwa kazi hiyo na mjomba wake. Huunyosha mfupa kwa mikono, huuweka gango la vijiti vilivyosukwa kwa kamba, hukanda, hufunga, hungoja. Mifupa mingi aliyoiunga imeungana, na watu wake wanatembea barabarani wakionekana na wote. Wala si uganga wa uongo: mvunjiko uliofungiwa chini ya ngozi wahitaji kunyoshwa, kutulizwa na kungojewa, na hayo matatu anayajua. Hatari yake iko kwingine. Gango likikazwa mno damu hukatika, na kiungo kizima chaweza kufa, jambo ambalo hospitali za Afrika zimeliona mara nyingi. Na mvunjiko uliotokeza nje si kazi ya gango. Kosa lake ni la mtu anayeichukua elimu iliyo kweli mahali pamoja na kuipeleka mahali pasipo pake. Nikiitazama kazi yangu ya kufundisha, sioni kwamba kosa hilo ni la watu wasiosoma peke yao.

Tena fundi yule alikuwa na sifa tatu ambazo yafaa tuzikiri. Alikuwa karibu. Alikuwa akimwita mgonjwa kwa jina la baba yake. Naye alikubali kulipwa baada ya mavuno.

Mwaka 2019 mguu ulikuwa na matundu mawili, na kaka yangu alikuwa amekonda kama mti wa kiangazi. Nilipata fedha, nikamchukua kwenda hospitali kubwa. Daktari wa mifupa aliyempokea alikuwa kijana kuliko mimi. Alifanya jambo ambalo sikulitazamia: aliwaomba ndugu watoke, akafunga mlango, akavuta kiti akakaa chini kuliko kitanda cha mgonjwa. Mimi nilibaki kwa sababu kaka alitaka nibaki. Daktari akasema, "Baba, nisimulie tangu siku ya kwanza. Hapana jibu litakalonikasirisha. Nataka nijue nianzie wapi."

Ndipo nikasikia, kwa mara ya kwanza, kisa chote. Siku ile ile ya ajali kaka yangu alipelekwa kwenye kituo cha tiba. Hakuchelewa hata nusu siku. Huko jeraha likasafishwa kidogo, likashonwa lote, akapewa vidonge, akaambiwa arudi baada ya wiki. Siku ya nne mguu ulikuwa unanuka. Alirudi. Akaambiwa aende hospitali ya mbali, na kwamba atahitaji kuwa na fedha mkononi. Hakuwa nazo, kwa kuwa kahawa ilikuwa bado haijalipwa. Akapiga simu kwa ndugu mmoja mwenye mshahara. Ndugu huyo akamjibu kwamba mwezi umemkalia vibaya, na kwamba atatuma mwezi ujao. Akatuma, lakini baada ya wiki saba, tena kiasi cha nusu, pamoja na mawaidha. Katika wiki hizo saba nyuzi zilikuwa zimekwisha achia, na fundi wa mifupa alikuwa amempokea kwa mkopo.

Ndugu mwenye mshahara ni mimi. Ile simu ya kuomba fedha nilikuwa nimeisahau kabisa. Nilikuwa naikumbuka ile ya pili tu, ile niliyomkaripia.

Huenda msomaji akadhani kwamba nimesimulia haya ili niihamishe lawama kutoka kwa mgonjwa na kujitwika mwenyewe. Kujitwika lawama hadharani nako ni namna ya kujipamba, na sitaki kupita njia hiyo. Jambo lililonishughulisha ni jingine. Kwa nini kaka yangu hakuniambia kisa hicho kwa miaka miwili? Jibu ni kwamba sikumwuliza; nilimhukumu. Na mtu aliyehukumiwa hasimulii, hujitetea au hunyamaza. Waganga wa mifupa wanahitaji kujua mambo yale yale ambayo mgonjwa aliyekaripiwa huyaficha: mfupa ulivunjika lini hasa, si "juzi juzi", jeraha lilitiwa nini, nani aliligusa kwanza, dawa gani zilimezwa na kwa siku ngapi. Mgonjwa akiulizwa kwa sauti ya hakimu, atasema wiki moja badala ya miezi mitatu, na atafuta dawa ya majani mguuni kabla hajaingia mlangoni. Hapo mganga ataanza kazi yake juu ya historia ya uongo, sawa na aliyeupima usaha wa juu akaacha mfupa.

Kwa hiyo nasema kwamba katika maradhi haya lawama si ukosefu wa adabu tu. Ni kizuizi cha elimu. Hufunga mdomo wa jeraha kabla jeraha halijasafika. Na hapa naona kuwa tumezoea kuyachanganya mambo mawili: sababu na kosa. Kuchelewa ni sababu, nayo lazima itafutwe mpaka mwisho wake, kwa saa na kwa tarehe, kwa ukali wote wa akili. Lakini aitafutaye kosa huridhika mapema. Akimpata mtu mmoja wa kumnyoshea kidole, huacha kutafuta. Mimi nilimpata fundi wa kijiji, nikaacha kutafuta, na mshono wa siku ya kwanza ukabaki umejificha miaka miwili pamoja na kitabu changu cha posta na benki.

Yuko atakayenipinga, naye ana hoja. Atasema: ukiondoa lawama, umeondoa wajibu; kituo kitaendelea kushona majeraha machafu, fundi ataendelea kufunga magango juu ya mifupa iliyotokeza, na wenye mishahara wataendelea kutuma nusu. Hoja hii siwezi kuitupa. Wako watu wa kuwajibishwa, nao ni wale walio na uwezo wa kutenda vingine kesho: aliyefundishwa kuosha jeraha akalishona, anayepanga dawa na vifaa vifike wapi, na mimi. Lakini angalieni kwamba katika orodha hiyo mwenye mguu hayumo. Yeye alitenda kila lililokuwa katika uwezo wake, kwa mpango mzuri kuliko wetu. Methali ya guu inamfaa mtoto anayepanda mwembe. Akishaanguka, mzee anayeirudia methali hiyo badala ya kutafuta machela anajisifu tu kwamba alionya.

Yako pia mambo ambayo hata wajuzi hawakuyajua, na namna walivyoyatafuta inafaa kutajwa hapa, maana inahusu unyofu. Mfupa wa muundi uliotokeza nje utulizwe vipi: kwa msumari wa chuma unaopitishwa ndani ya uboho wake, au kwa vyuma vinavyokaa nje ya mguu? Kila upande ulikuwa na watetezi wake. Misumari yenyewe hupatikana katika hospitali nyingi za nchi maskini kwa msaada wa shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle wa Marekani, nayo imeundwa ili iweze kutiwa hata pasipo mashine ya picha katika chumba cha kupasulia. Madaktari wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Marekani, waliwachukua wagonjwa 240, wakawagawa kwa kura kati ya njia hizo mbili, wakawafuata kwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: katika vifo na katika kurudiwa upasuaji, tofauti ya njia hizo haikuwa kubwa kiasi cha kusemwa kwa uhakika kwamba moja yashinda nyingine, ingawa msumari uliunyosha mfupa vizuri zaidi. Wako wanaoshtuka kusikia mguu wa mtu umepigiwa kura. Mimi naona kwamba pale ambapo mganga hajui, kura iliyokubaliwa na mgonjwa ni ya kweli kuliko kiburi cha mganga. Na elimu hiyo imetoka katika miundi ya watu wetu wenyewe, wengi wao wapanda pikipiki kama kaka yangu.

Ikaja siku ya uamuzi. Daktari alieleza njia mbili. Ya kwanza: kuukata mguu chini ya goti, kuufunga mguu wa bandia, na kurudi nyumbani baada ya miezi michache maradhi yakiwa yamekwisha. Ya pili: kuutoa mfupa wote uliokufa, ambao ungeacha pengo la vidole vitatu vilivyolazwa; kisha kuuvisha mguu pete za chuma na nyaya, kwa njia iliyobuniwa na Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Siberia, katika miaka ya 1950. Kwa njia hiyo mfupa ulio mzima hukatwa mahali pengine na kuvutwa polepole, milimita moja kwa siku, na katika mwanya huo mwili hujijengea mfupa mpya. Ni kazi ya miezi mingi, yenye maumivu kila siku, na yaweza kushindwa, ikaishia katika kukata vile vile.

Ukoo ulikutana. Mimi nilisema akatwe. Nilikuwa na hoja zote: fedha, muda, hatari, watoto wake. Mama mkubwa alisema hakumzaa mtu nusu. Shemeji mmoja akauliza nani atailipia hiyo milimita moja kwa siku, na watu wote wakanitazama. Tulibishana tangu asubuhi hadi adhuhuri, na hakuna aliyemwuliza mwenye mguu, aliyekuwa kitandani umbali wa hatua ishirini. Desturi yetu ya kuamua pamoja nimeitetea mara nyingi darasani mbele ya wale wanaodhani kila mtu ni kisiwa. Bado naitetea. Wanaomuuguza mtu wana haki ya kusemwa nao, kwa kuwa watatwishwa mzigo. Lakini siku ile niliona mahali inapokomea. Ukoo waweza kuamua utatoa nini. Hauwezi kuamua mtu atavumilia nini, kwa kuwa maumivu hayagawanyiki kwa hesabu ya ndugu.

Nilipoingia kumweleza tulipofikia, alinisikiliza kama alivyonisikiliza katika simu. Kisha akaniuliza, "Mguu wa bandia wasimama kwenye ngoro?" Sikuwa na jibu. Tulimwuliza daktari, naye, kwa unyofu, akasema kwamba wako wanaolima na mguu wa bandia, lakini katika mteremko kama ule asingependa kumwahidi. Kaka akachagua pete za Siberia. Nilidhani anakosea. Leo pia siwezi kusema kwamba alikuwa na haki na mimi sikuwa nayo. Kwa mtu mwingine, mwenye shamba tambarare na watoto wadogo zaidi, uamuzi wa busara ungeweza kuwa ule mwingine, na kumwita mtu huyo mwoga kungekuwa ni lawama nyingine isiyo na kazi.

Alikaa na vyuma miezi 13. Mara mbili matundu ya nyaya yalioza juu juu, yakatibiwa. Fedha zilitoka kwangu zaidi, wala sikusubiri mwezi ujao; lakini naomba jambo hilo lisihesabiwe kuwa malipo. Mguu umekuwa mfupi kidogo, na fundi viatu wa Mbinga amemwongezea soli.

Siku ya kumruhusu, nilimwuliza daktari kama sasa tuseme amepona. Akatikisa kichwa. Alisema katika maradhi ya mfupa wao hawapendi neno hilo, husema umetulia. Vijidudu vichache vyaweza kubaki vimelala mahali, na mwenye mguu atapaswa kuujua ujoto wake maisha yake yote. Nikaona ni neno la haki, na ya kuwa linafaa hata kwa mambo yasiyo ya mifupa, kama vile yaliyo kati yangu na kaka. Hatujapata kuizungumza ile simu ya kwanza. Yeye anajua kwamba niliisikia mbele ya daktari, nami najua kwamba anajua.

Machi ya mwaka huu nilikwenda nyumbani. Nilimkuta mtelemkoni, wamekwisha kata majani na kuyalaza, bado kufunika. Alikuwa amesimama na mguu mzima chini, ule mwingine juu, na fimbo imekitwa ardhini kando yake. Nikamwamkia, nikamwuliza habari za mguu. Akasema, "Umetulia." Kisha akanipa jembe, akaniambia nishike upande wa kushoto, kwa sababu huko lazima mguu wa kulia ndio uwe chini, na yeye hauwezi.